Msichana Aliyekataa Safari Alikuwa na Sababu

Riwaya za mikasa zinazomweka msichana mbele zimekuwa nyingi, na nyingi kati yake zina ufa mahali pale pale. Sura ya pili au ya tatu msichana anaitwa safarini, anasema hawezi, na kurasa chache baadaye yuko njiani. Sura ya mwisho anasimama mbele ya adui bila kutetereka. Msomaji makini akirudi nyuma kutafuta ni wapi hasa alipojifunza kujiamini, hapaoni. Atamkuta mzee aliyemwambia kuwa ndani yake mna nguvu asiyoijua. Atakuta upanga, pete au damu ya ukoo iliyoamka kwa wakati. Atakuta umati ukishangilia. Kazi yenyewe ya kujengeka haipo, na kwa kuwa haipo, ushindi wa mwisho unaonekana ni wa mwandishi, si wa msichana.

Ufa huu hauanzii kwenye kilele. Unaanzia kule mwanzo, alipokataa. Mwandishi anayeona kukataa kwa mhusika wake kuwa kasoro ya kuondolewa haraka ili hadithi ishike kasi, anatupa kitu ambacho angekihitaji mpaka ukurasa wa mwisho. Sababu iliyomfanya msichana aseme "sitaki" ndiyo malighafi ya ujasiri wake. Kama sababu hiyo haina akili, hata ujasiri utakaofuata hautakuwa nayo.

Mwaka 1949 Joseph Campbell, akichambua visasili vya mataifa mbalimbali, alikitaja kitendo cha shujaa kukataa mwito kuwa mojawapo ya hatua za safari yake. Miongozo mingi ya uandishi iliyokuja baadaye ikakigeuza kituo cha basi: gari linasimama, abiria anapanda, safari inaendelea. Ndiyo maana tunasoma kukataa kwingi kwa adabu tu, kama mgeni anayesema ameshiba huku ananawa mikono.

Msichana anaweza kukataa kwa hofu tupu, au kwa kujidharau ("mimi ni nani mpaka niitwe?"). Hizi mbili ndizo zinazopendwa sana na ndizo dhaifu kuliko zote, maana hazimwachii mwandishi kazi nyingine zaidi ya kuzifuta. Hofu itaondolewa kwa pambano moja, kujidharau kutaondolewa kwa maneno matamu, basi. Anaweza pia kukataa kwa sababu ya wajibu: ana mtu anayemtegemea, na akiondoka mtu huyo ataumia. Hii ina uzito, mradi anayetegemea asisahaulike baada ya sura ya nne. Na anaweza kukataa kwa hesabu: anajua jambo ambalo wanaomwita hawalijui au hawataki kulisikia, na kwa alijualo, safari hiyo ni ya kipumbavu. Kukataa kwa hesabu ndiko kunakolipa zaidi. Kipimo chake ni rahisi: msomaji akifika pale msichana anaposema hapana, aseme moyoni kwamba hata yeye angekataa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuatilie kwa karibu. Msichana wa miaka 14 anaishi na babu yake, rubani wa kupitisha vyombo kwenye mlango mwembamba kati ya miamba. Macho ya babu yamepofuka, na kwa muda sasa mjukuu ndiye anayesimama omo, yaani mbele ya chombo, akitupa bildi ya kupimia kina. Kifaa chenyewe ni risasi ya kilo 3 hivi iliyofungwa kwenye kamba yenye alama kila pima moja, yaani karibu meta 1.8. Chini ya risasi mna shimo dogo linalojazwa shahamu, ili ikigusa chini irudi na chembe za mchanga, tope au vipande vya kombe, rubani ajue yuko juu ya nini. Linakuja jahazi lenye abiria wanaokimbia hatari, linataka kupitishwa. Babu hawezi tena. Macho yote yanamgeukia msichana, naye anasema hapana.

Kwa nini? Toleo bovu litasema ni mwoga wa bahari. Toleo zuri litasema alishaona chombo kikipanda mwamba mahali hapo hapo, kikiongozwa na mtu aliyekuwa na uhakika. Tangu hapo hapendi kukisia. Hupima mara mbili pale wenzake wanapopima mara moja, na wanamcheka kwa hilo. Anapokataa, anakataa kwa tabia ile ile: hajapima sehemu ya nje ya mlango, hivyo haijui, hivyo hatampeleka mtu huko. Sasa mwandishi ana tabia mkononi, ukaidi wa kutokubali kina ambacho hajakigusa, na tabia hiyo hiyo itakuwa udhaifu wake sura ya tatu na nguvu yake sura ya ishirini na moja. Haitabadilika. Kitakachobadilika ni watu wangapi wanaitegemea, yeye mwenyewe akiwamo.

Kisha huja ngazi ya majaribu, na hapa ndipo haraka inapoharibu mambo. Riwaya ya vijana ya maneno 60,000 hivi, yenye sura 24 za maneno 2,500 kila moja, ina nafasi ya majaribu matano au sita makubwa. Yakizidi hapo yanaanza kufanana. Yakiwa mawili, msichana anaruka kutoka chini hadi juu. Kila jaribio liongeze kitu kimoja tu: ama ugumu wa kazi, ama ukubwa wa hasara, ama mamlaka ya kuamua. Ukiongeza vyote vitatu kwa pamoja msomaji hatajua msichana amefaulu kwa lipi, na msichana mwenyewe hatajua.

Katika mfano wetu, jaribio la kwanza, tuseme sura ya tano, linaweza kuwa la kupima tu. Msichana amekubali kwenda hadi nusu ya njia, arudi na mtumbwi. Anataja vina, nahodha anaamua. Wakati maji yamekupwa anapima mgongo wa mwamba unaoziba mlango wa nje na kukuta sentimita 60 juu yake. Anaukariri. Jambo hilo linapita kimya, na ni lazima lipite kimya, kwa kuwa litahitajika baadaye. Sura ya nane anataja kina ambacho nahodha hakubaliani nacho, nahodha anapuuza, chombo kinasugua mchanga. Hajapata mamlaka yoyote, ila amepata ushahidi: kamba yake ilisema kweli. Sura ya kumi na moja anaomba watie nanga mpaka jua lipande na kuhamia nyuma yao, kwa sababu jua likiwa mbele mng'ao wake juu ya maji huficha miamba, bali likiwa juu na nyuma rangi zinasomeka: hudhurungi juu ya mwamba, kijani kwenye maji machache, buluu nzito kwenye kina. Mabaharia wananung'unika, saa tatu zinapotea, na hakuna anayemshukuru, maana ajali ambayo haikutokea haionekani.

Hapo pa kutoshukuriwa pasirukwe. Sehemu kubwa ya kujiamini kwa kweli hujengwa pale mtu anapokuwa sahihi bila shahidi. Mwandishi anayempa msichana makofi kila anapofanya vema anamfundisha kutegemea makofi, na msomaji anajifunza hivyo hivyo.

Sura ya kumi na nne aanguke. Aanguke kwa kosa lake mwenyewe, na kosa litoke kwenye mafanikio yake. Amezoea kuwa sahihi, anawaingiza kwenye mkondo alioupita juzi bila kutupa bildi, kwa kumbukumbu tu. Chombo kinapwelewa, sukani inavunjika, mtu anaumia. Waandishi wengi huliogopa anguko hili, wakidhani linambomoa shujaa. Kinyume chake, hadithi isiyo na anguko la kujiamini kupita kiasi haiwezi kumwonyesha msomaji tofauti kati ya kujiamini na majivuno. Muhimu ni uzito wa hasara: iwe kubwa kiasi cha kumuuma, isiwe kubwa kiasi kwamba msomaji hatamsamehe. Mtu aliyevunjika mkono anatosha. Mtoto aliyekufa maji ni hadithi nyingine kabisa, na haitarudi tena kuwa hii.

Sasa kilele, sura ya ishirini na moja. Kamba ya bildi imepotea pamoja na vifaa vingine. Nyuma kuna chombo cha adui kinachokuja. Mbele kuna mwamba wa mlango wa nje, na maji yamekupwa. Msichana hana cha kutupa majini. Ana mambo matatu kichwani: kina alichopima sura ya tano, siku ya mwezi, na kanuni ya marubani ya kugawa maji mafungu kumi na mawili. Maji yanapojaa kwa muda wa saa sita hivi, saa ya kwanza huleta fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili na ya sita moja. Ni kanuni ya makadirio, upepo na umbo la pwani huweza kuipotosha, ndiyo maana mtu mwangalifu huacha akiba.

Ni siku za bamvua, siku za mwezi ambazo maji hujaa na kupwa zaidi ya kawaida. Tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa ni meta 3.6, basi fungu moja ni meta 0.3. Juu ya mwamba pana meta 0.6. Sehemu ya jahazi iliyo chini ya maji ni meta 1.8, na akiba ya meta 0.3 inafanya linahitaji meta 2.1. Saa ya kwanza ikiisha kina kitakuwa meta 0.9. Ya pili, meta 1.5. Ya tatu, meta 2.4. Meta 2.1 zitapatikana saa mbili na dakika 40 baada ya maji kukupwa, si kabla. Na chombo cha adui ni kizito zaidi, sehemu yake iliyo chini ya maji ni meta 2.7. Kwa akiba ile ile kinahitaji meta 3.0, ambazo zitapatikana baada ya saa tatu na dakika 40. Akivuka kwa wakati, ana saa nzima mbele yao. Akivuka mapema, anawakabidhi abiria kwa adui wakiwa wamekwama juu ya mwamba.

Tazama hesabu hii inavyoifanyia kazi hadithi. Baada ya saa mbili watu wanapiga kelele twende, kwa macho yao maji yameshapanda. Nahodha anashika kamba ya tanga. Msichana anasema, "Bado." Baada ya saa mbili na robo chombo cha adui kinaonekana vizuri, anasema, "Bado." Ni neno la mtu yule yule aliyesema hapana sura ya tatu, kwa tabia ile ile: haendi mahali ambapo kipimo hakijamruhusu. Tofauti ni kwamba sasa watu 20 wanasubiri kauli yake huku wamekasirika, na anaibeba. Hakuna hotuba iliyohitajika. Hakuna aliyemwambia aamini moyo wake, na vizuri, maana moyo wake wakati huo unataka kukimbia kama mioyo ya wengine.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, mwaka 1977, alieleza vyanzo vinne vya imani ya mtu kwamba anaweza jambo fulani: kulifanya mwenyewe akafaulu, kumwona mwingine akifaulu, kuambiwa na wengine kuwa anaweza, na namna anavyoisoma hali ya mwili wake. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Maneno ya wengine yana nguvu ndogo, na hufifia upesi mtu anapokutana na jambo linaloyakanusha. Chukua riwaya yoyote inayokusumbua na uipime kwa orodha hii. Mara nyingi utakuta mwandishi amewekeza karibu kila kitu kwenye chanzo cha tatu, tena amekiweka kwenye kilele: sauti ya marehemu mama, maneno ya mwalimu yanayorudi masikioni, rafiki anayepaza sauti "unaweza!" Hayo yanafaa kumsukuma mtu ajaribu jambo dogo sura ya tano. Kuyabebesha uzito wa sura ya ishirini na moja ni kuyaonea.

Chanzo cha pili nacho hutumika vibaya. Mfano husaidia zaidi anayeutoa akifanana na anayeutazama. Msichana wa miaka 14 aliyezungukwa na wapiganaji wanaume wa miaka 40 anajifunza kwamba kazi hiyo ni ya wapiganaji wanaume wa miaka 40. Mpe msichana mwingine wa miaka 16, si bingwa, aliyemtangulia hatua mbili tu, anayefanya makosa ya kuonekana na kuyarekebisha mbele yake. Mhusika huyo anahitaji sura mbili. Asigeuke mshindani mwenye wivu ili tu kuwe na mgogoro, kosa ambalo limechosha.

Babu naye, au mshauri yeyote wa namna yake, ana mtego. Desturi ya riwaya hizi ni kumuua katikati ili mwanafunzi abaki peke yake. Inafanya kazi, ila ni njia ya mkato: huzuni inachukua mahali pa kujiamini, na msichana anaendelea kwa ajili ya marehemu badala ya kuendelea kwa sababu anajua. Njia ngumu na bora ni mshauri kukosea mara moja, kwa heshima yake yote, na mwanafunzi kuwa ndiye mwenye ukweli. Miamba haihami, lakini mafungu ya mchanga huhama, na ramani iliyo kichwani mwa mzee ni ya miaka iliyopita. Tukio zima linaweza kuwa fupi hivi:

"Babu, pima moja na nusu."

"Hapo pana pima tatu, mjukuu wangu. Pana pima tatu tangu baba yako hajazaliwa."

Msichana habishani. Anavuta bildi, anamshika babu mkono, anakiweka kidole chake kwenye shahamu. Mahali penye kina pana tope. Kidole kinakuta mchanga, wenye kukwaruza, wenye chembe kubwa. Babu anausugua kati ya vidole viwili.

"Tupa tena," anasema.

Hajasema "umenishinda", wala hajasema "ninajivunia wewe". Amempa amri ambayo rubani humpa mpimaji anayemwamini. Mwandishi akiongeza sentensi moja ya ufafanuzi hapo, ameliua tukio. Angalia pia kwamba msichana hakuivunja heshima ili awe sahihi. Waandishi wengi hudhani shujaa wa kike aliyejiamini lazima awajibu wakubwa kwa ukali, wakachanganya hasira na ujasiri. Msichana mkali kwa kila mtu tangu ukurasa wa kwanza hana pa kukua. Ameanza pale alipopaswa kufika, na mara nyingi ukali wenyewe ni woga uliovaa nguo nyingine.

Lugha inaweza kubeba mabadiliko haya bila msimulizi kuyatangaza. Katika sura za mwanzo msichana aseme "naomba tusiingie, Nahodha", "labda", "sijui kama". Katikati, "tusiingie, Nahodha." Mwishoni, "Nahodha, hatuingii." Cheo bado kinatajwa, adabu iko pale pale, ombi limekuwa taarifa. Kwenye usimulizi, kagua kauli ya kutendwa. Sura ya kwanza ya rasimu nyingi imejaa alipelekwa, aliambiwa, aliwekwa, alishikwa, na hilo si baya kama limekusudiwa. Tatizo ni pale sura ya kumi na nane nayo inaposomeka hivyo. Chukua kalamu uzungushie kila kitenzi cha kutendwa ambacho msichana ndiye kiima chake. Kama idadi ya sura ya kumi na nane inakaribiana na ile ya sura ya pili, mhusika wako bado anabebwa, hata kama anashika upanga.

Ukaguzi mwingine unaochukua muda lakini unafichua mengi ni wa maamuzi. Pitia mswada mzima, orodhesha kila uamuzi uliobadilisha mwelekeo wa safari, na kando yake andika nani aliamua na nani aliubeba mzigo wa matokeo. Robo ya kwanza ni kawaida wengine kuamua. Kufikia katikati msichana awe anaamua karibu nusu, na matokeo yaanze kuwaangukia wenzake, si yeye peke yake. Robo ya mwisho pasiwe na uamuzi mkubwa unaochukuliwa na mtu mwingine. Kosa linalojitokeza mara kwa mara ni bahati njema: dhoruba inayotawanya maadui, daraja linalokatika kwa wakati. Ajali inaruhusiwa kumtia mashakani. Ikimtoa mashakani, kila alichojenga kimefutika.

Kuhusu hofu ya mwili, "moyo ulimwenda mbio" imechakaa kwa sababu haielezi chochote anachoshindwa kufanya. Mtu aliyeshikwa na hofu hukauka mdomo, mikono humpoa kwa kuwa damu hupungua kwenye ngozi, macho huona kilicho mbele tu na kuacha pembeni, na vidole hukosa ustadi wa kazi ndogo ndogo. Kwa msichana wa kamba, hilo la mwisho ndilo la maana: atashindwa kufunga fundo. Chagua dalili moja na uirudishe mara tatu. Mara ya kwanza mikono inatetemeka, fundo linafunguka, kamba inazama. Mara ya pili inatetemeka, anakaa chini, anabana kamba kwa magoti, anafunga polepole. Mara ya tatu inatetemeka vile vile, anampa baharia kamba na kumwambia fundo gani alifunge, yeye akiendelea kuhesabu. Mwili haujabadilika hata kidogo. Amejifunza tu kwamba mikono inayotetemeka haimaanishi kwamba hesabu ni mbovu. Mwandishi anayeandika "hakuogopa tena" amepoteza yote haya kwa maneno mawili.

Na machozi yaruhusiwe. Anaweza kulia na sukani ikabaki mkononi.

Kipawa cha kuzaliwa kinahitaji tahadhari. Kama msichana ni wa ukoo wa marubani wenye "jicho la maji", kipawa hicho kilete matatizo mengi kuliko majibu: watu wamtarajie mapema mno, au wasimfundishe kwa kudhani anajua tayari. Kuhusu wavulana katika hadithi, makosa ni mawili yanayotazamana. La zamani ni mvulana anayetokea kumwokoa dakika ya mwisho. La siku hizi ni kuwafanya wanaume wote wapumbavu ili msichana ang'ae. Kuwa mwerevu kati ya wapumbavu hakuhitaji ujasiri. Nahodha wa mfano wetu lazima awe baharia mzuri, mwenye sababu za maana za kutaka kuondoka mapema (pengine anajua upepo utageuka), ili "bado" ya msichana iwe na gharama.

Swali la nafsi ya usimulizi linafaa kuamuliwa kabla ya kuandika. Nafsi ya kwanza ya mtu mzima anayekumbuka utoto wake ina sauti tulivu inayojua mwisho, na utulivu huo unavujia kwenye kurasa za kukataa. Msomaji hawezi kuamini kwamba msichana anasitasita wakati anayemsimulia hasiti. Ukiipenda nafsi ya kwanza, simulia karibu na matukio, bila "baadaye nilikuja kuelewa". Nafsi ya tatu inayokaa karibu na msichana, isiyoingia kichwani mwa nahodha wala babu, ndiyo salama zaidi, kwa sababu msomaji naye anabaki bila kujua kama hesabu ni sahihi mpaka mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, upite juu ya mwamba.

Kujiamini kunakopatikana kwa njia hii ni kwembamba, na wengine wataona ni upungufu. Msichana anayeweza kupitisha jahazi kati ya miamba huenda bado hawezi kusimama mbele ya baraza la wazee na kujieleza. Aachwe hivyo. Sura ya mwisho ikimwonyesha akiwa hodari wa kila kitu, wa maneno, wa vita, wa mapenzi, inakanusha sura ishirini na tatu zilizotangulia, ambazo zilidai kuwa kila uwezo hulipiwa bei yake peke yake.

Wembamba huo ndio unaorahisisha kitabu cha pili. Waandishi wa mfululizo hupata taabu: wakianza na shujaa aliyekamilika hakuna hadithi, kwa hiyo wanamrudisha kwenye woga wa mwanzo bila maelezo, na wasomaji wanalalamika, kwa haki. Mhusika asirudishwe. Ahamishwe. Mpeleke kwenye mto mkubwa ambao chini yake hubadilika kila mafuriko, usio na bamvua wala maji mafu (siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu), ambako kanuni ya mafungu kumi na mawili haina kazi. Tabia ya kupima anakwenda nayo, vina alivyokariri havimsaidii tena. Kukataa kwake kwa mara hii kutakuwa kufupi, na kwa masharti: atasema anahitaji kamba mpya, risasi, shahamu, na siku tatu za kupima kabla chombo chochote hakijang'oa nanga. Wenyeji wakimpa siku moja tu, mgogoro wa sura ya kwanza umepatikana.